Pipi Mbili za Darla

Haya wanangu, nitegulieni hiki. Watoto wawili wa tumbo moja wamesimama mbele ya baba yao, wamemtegea kitendawili kilekile. Wa kwanza kapewa tabasamu na pipi mbili. Wa pili kapewa pipi moja na kicheko kilichomtoa baba machozi. Nani kapendwa?

Darla alijua jibu tangu ana miaka tisa. Sasa ana wajukuu, na jibu lingali limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni ile ya Halowini, sikukuu ya watoto kujigeuza sura na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, alikaa kwenye baraza ya baba yake, bakuli la pipi mapajani. Huko kusini mwa St. Louis, Marekani, mtoto hapewi pipi kabla hajatega kitendawili. Baba yake, Mzee Norbert, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, chini ya taa. Upande wa pili alikuwa Yvonne, dada yake mkubwa, amejiachia kama mwenye nyumba. Jumamosi baba angehamia kwake. Hakuna aliyemuuliza Darla. Na Darla naye hakumwambia mtu kwamba amekipaka rangi chumba cha chini nyumbani kwake, akanunua na kitanda. Utamwitaje kwako mtu ambaye moyo wake uko kwa mwenzio?

"Enzi zetu," alisema Mzee Norbert, "tulipewa bisi zilizoshikanishwa kwa sukari, tonge kubwa kuliko ngumi. Hivi vipipi vya siku hizi ni uchoyo mtupu."

"Na sisi enzi zetu tulizunguka peke yetu mtaa mzima," alisema Yvonne. "Siku hizi mtoto mmoja anasindikizwa na ukoo."

Hazel, mjukuu wa Yvonne, miaka sita, aliyepakwa rangi usoni akawa bundi, alishusha pumzi ndefu. "Halowini nzuri zilikuwa zile za zamani."

"Zamani lini, we?"

"Nilipokuwa na miaka minne."

Wakaangua kicheko. Hazel akaenda kusimama mbele ya mzee. "Babu, nategaa! Anakula kila nyumba na bado ana njaa. Nani?"

Mzee alimkazia macho. "Shangazi yako?"

"Mfuko wangu!"

Mzee akacheka mpaka akapangusa macho kwa mkono wa shati. Kicheko kilekile. Darla akaangalia chini, akajifanya anapanga pipi.

Baba hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alikuwa akitoka kiwanda cha vyuma na vumbi lake, anaketi chini ya taa ile, kimya. Simu ikilia ni ya mama, redio ikiimba ni ya mama. Kumchekesha mtu kama huyo ilikuwa sawa na kushinda kombe.

Mwaka ule wa miaka tisa Darla alitengeneza kichwa kizima cha simba kwa magazeti na gundi ya unga, akakipachika manyoya ya uzi mpaka mabegani. Na kitendawili alikitunga mwenyewe: "Alipotolewa ubongo ndipo akapata nuru." Yvonne, mvivu yule, alijipaka masizi mashavuni, akavaa kofia ya baba, basi, akasema yeye ni mzururaji.

Darla alitega kwanza. Baba akamtazama yule simba, akatabasamu, akamwekea pipi mbili mkononi. Yvonne akasogea, akakitega hichohicho, palepale, bila haya.

"Boga!" Baba alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Lo! Boga la Halowini, lililokombwa likatiwa mshumaa!" Kama vile ndiyo kwanza anakipata.

Mwaka uliofuata Darla alitengeneza joka. Uliofuata tena, mwezi mpevu wa angani, mkubwa hata mlangoni alipita kiubavu. Kila mwaka alizidisha, na kila mwaka alipata tabasamu na pipi mbili. Pipi za pole, alijiambia. Pipi anazopewa asiyependwa.

"Uso huo, Darla!" Yvonne alimchokoza. "Usiniambie ni yale yale ya simba."

"Kitendawili kilikuwa changu."

"Mdogo wangu, miaka hamsini! Basi nikulipe na fidia?" Akamshika Hazel mkono, wakashuka ngazi kwenda kwa majirani, kicheko chake kikimtangulia.

Darla akabaki na baba. Mzee alikuwa akiwatazama watoto barabarani. Darla akamgusa mkono, maana siku hizi ukitaka kuzungumza naye lazima umguse kwanza.

"Sogea kwenye mwanga, binti yangu. Una neno?"

"Ninalo, baba. Nijibu kabla hujahamia kwake." Akaliweka bakuli chini. "Kitendawili kilikuwa kimoja. Kwa nini chake ulicheka, changu hukucheka?"

Mzee akasogeza kiti karibu.

"Hukunichekea hata mwaka mmoja. Si ungesema tu kwamba unampenda yeye? Ningejua, nikatulia."

Mzee alimtazama mpaka neno la mwisho likamtoka. Mkono wake uliozeeka ukapanda polepole, ukamgusa shavu.

"Dada yako nilimsoma midomo," alisema. "Masikio yangu niliyaacha kiwandani kabla hamjazaliwa, na aliyejua ni mama yenu tu, maana kiziwi angefukuzwa kazi. Kila Halowini nilimwomba Mungu wewe uje uso wazi."