Mifuko ya Koti

Nesi alisoma mizani akatabasamu. "Kilo sitini na moja, Wendell. Hujapungua hata kidogo."

Mimi nilishindwa kutabasamu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha mume wangu, na vidole vyangu vilipita juu ya mbavu zake, ubavu mmoja mmoja.

Kwa miezi mitatu alikuwa hali mkate, viazi wala matunda. Alikula mayai, siagi na nyama ya mafuta tu, akiamini kwamba saratani iliyomo kichwani ikikosa sukari itakufa njaa. Daktari alimruhusu kwa sharti moja: akishuka chini ya kilo sitini, mlo huo basi.

Nilimsogelea kana kwamba namsaidia kushuka kwenye mizani, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti alilopimwa nalo. Niligusa chubwi, vile vipande vya madini ya risasi anavyofunga kwenye mshipi ili ndoano izame anapovua samaki kupitia tundu kwenye barafu ya ziwa. Zilikuwa nyingi, za baridi, nzito.

"Ziache, mke wangu," alininong'oneza. "Wataninyima chakula changu. Sina dawa nyingine."

"Unayekwisha ni wewe, siyo uvimbe."

"Nipe mwezi mmoja tu."

Nesi alikuwa ameshika kalamu, akitutazama kwa zamu. Wendell aliukamata mkono wangu ili nisiutoe mfukoni, lakini aliukamata bila nguvu kabisa. Ningeweza kumbandua kwa kidole kimoja. Hapo ndipo nilipoamua.

Nilianza kuzitoa, moja baada ya nyingine, nikaziweka mezani.

"Mpime tena," nilimwambia nesi.