Nipime Nimesimama

"Bibi Kiti, njoo ulale hapa," mwalimu wa uuguzi aliniita mbele ya darasa zima. "Leo utafanya kazi unayoipenda."

Wakacheka. Jina hilo nililipata wodini, kwa kuwa tukisimama kando ya vitanda vya wagonjwa mimi hutafuta pa kukaa kabla kizunguzungu hakijaniangusha. Kila daktari aliyenipima alinilaza kitandani kwanza, kisha akaniambia mimi ni mzima. Hata mama alishaanza kuniambia nipunguze mawazo.

Nikapanda kitandani. Mwenzangu wa chumba akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Yako sawa," akasema.

"Mmeona? Hana lolote, ni uvivu tu. Shuka, aje mwingine," mwalimu akasema.

Nikashuka, lakini vidole vya mwenzangu nilivibana palepale vilipokuwa.

"Endelea kuhesabu," nikamwambia. "Nipime nimesimama."

"Nimesema rudi ukakae!" mwalimu akafoka.

"Leo sikai."

Kicheko kikakatika. Moyo ukatimua mbio kama mwizi aliyepigiwa kelele. Miguu ikafa ganzi, jasho likanitiririka mgongoni, nami nikakaza magoti. Midomo ya mwenzangu ilihesabu kwa haraka, kisha kwa haraka zaidi, mpaka ikashindwa kuyafuata mapigo, ikabaki wazi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "hebu njoo ushike mwenyewe."

Mwalimu hakusogea. Darasa zima likamgeukia.

Nikamnyooshea mkono wa pili.

"Shika," nikasema. "Wahi, kabla sijaanguka."