Wajukuu wa Mzee Makungu

"Haki ya Mungu, hapa hamna chembe ya uongo," Mzee Makungu alimwapia Bi Rehani, afisa wa kodi. "Hao wanaong'oa vitunguu ni wajukuu zangu. Wananisaidia tu mimi babu yao."

Angekiri kuwa ni vibarua, ingembidi awasajili, awalipie kodi na akiba ya uzeeni. Jamaa wa nyumbani hawakuhesabiwa.

Bi Rehani alilitazama shamba lililojaa watu. "Wote hawa, mzee?"

"Bibi yao alikuwa na uzazi, mwanangu! Mkunga alichoka kwenda na kurudi, akahamia kwetu na kitanda chake."

Bi Rehani alicheka mpaka machozi. Mzee Makungu naye akanogewa, akaingia kwenye kisa cha mapacha waliozaliwa na meno. Hapo akapita Mkwanda, kibarua wake tangu ujana, mvi tupu kichwani, gunia begani. Mzee Makungu hakuzoea kumwacha aliyemzidi umri apite hivihivi. Mdomo ukamponyoka.

"Shikamoo, kaka."

Mkwanda alitua gunia, akamtazama afisa, kisha tajiri yake, kwa huruma.

"Marahaba, babu."

Bi Rehani alishatoa kalamu. "Tuanze na huyu mjukuu mkubwa. Na kodi ya miaka ya nyuma pia."

"Nitalipa," alisema Mzee Makungu kwa sauti ndogo, akachutama kwenye tuta. "Kaka, hivi jina lako kamili nani?"

Mkwanda alijifuta udongo mikononi kwanza, taratibu, kabla ya kulitaja.