Maharage Yaliyolala Kitandani

Maharage yalichemka nusu saa tu, Mashavu akauzima mkaa ili ubaki wa kesho. Akaizungushia sufuria blanketi, akailaza kitandani imalizie kuiva kwa joto lake lenyewe. Ndivyo walivyopika kwao. Lakini leo roho ilikuwa juu. Mama mkwe alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza, na Bi Tatu hakuwahi kusifu mapishi ya mkamwana yeyote.

Bi Tatu alipiga hodi akiwa ameshaingia. Akachungulia chumbani, akaona kitu kimejikunyata ndani ya blanketi.

"Haa! Mwanangu Kombo anaumwa, na hamniambii?" Akakimbilia, akaweka kiganja. "Maskini, mwili wa moto!"

"Mama, huyo si Kombo," Mashavu alisema. "Ni maharage."

Bi Tatu akafunua. Mvuke ukampiga usoni.

"Umelaza mboga kwenye kitanda cha mwanangu?"

"Mkaa unaungua bure, mama. Humo yanaiva yenyewe."

"Na mume wako analala wapi?"

"Anasubiri yaive."

Bi Tatu alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa, machozi yakamtoka.

"Bado muda gani?"

"Kama saa moja hivi, mama."

Akaifunika tena sufuria, akachomeka blanketi vizuri huku na huku. Kisha akavua mtandio wake, akauongezea juu, na kuupigapiga taratibu kwa kiganja.

"Kaa hapa, mwanangu," alimnong'oneza Mashavu. "Ila tuongee polepole, asije akaamka."