Chai Haisongwi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mama Kulwa alirudisha jiko. Fundi Mbwilo alikuwa ameuza majiko matano tangu afungue karakana, na hilo lilikuwa la tatu kurudi.

"Likirudi la nne, nafunga," alisema fundi.

Tegemea, mtafiti aliyefuatilia biashara changa ili aandike mafunzo ya wajasiriamali, alifungua daftari. "Ulilijaribuje kabla ya kuuza?"

"Nilichemsha chai. Ilichemka upesi."

Mama Kulwa alicheka. "Chai haisongwi, baba. Nikianza ugali tu, jiko lako linacheza ngoma."

Fundi aliwasha jiko, akabandika sufuria ya maji, akaenda kununua unga.

Katika daftari, somo la kwanza lilikuwa "Kutafuta mtaji". Tegemea alilikata, akaandika: "Mtazame mteja akitumia."

Maji yalipochemka, fundi alimpa Mama Kulwa mwiko. "Songa, mama. Mimi natazama miguu."

Alipiga magoti, chaki mkononi. Kila mara jiko lilipoinama, aliweka alama sakafuni, mahali ambapo mguu mpya ungelizuia lisiyumbe. Saa nne kasoro dakika tano alama zilikuwa tatu, zote nje ya miguu ya zamani, na ugali ulikuwa umeiva.