Mkia Kiganjani

"Fungua mkono," shemeji yake alisema, msumeno begani. Nyuma yake wapasua mbao walikuwa wameziba njia.

Mtafiti hakufungua. Ndani ya ngumi alikuwa na mjusi asiyepatikana popote ila msitu ule, baridi, laini kama kokwa iliyonyonywa, moyo ukidunda kwenye kidole gumba chake. Akimfikisha mjini akiwa hai, hautakatwa tena hata mti mmoja mlimani.

"Hivi kaka yangu alioa mke au alioa adui?"

"Tena mjusi mwenyewe hata kitoweo hafai," mmoja akadakia. Wenzake wakacheka bila furaha.

"Mfinye, shemeji. Au nikufinyie."

Akaikamata ile ngumi, akavibandua vidole kimoja kimoja. Kiganjani palikuwa na mkia mtupu, umekatika, ukijinyonganyonga.

Aliuachia mkono kama aliyeungua. "Mwenyewe yuko wapi?"

Wanaume wakaanza kukanyagakanyaga majani kwa buti.

Ndani ya sweta, kucha ndogo zilikuwa zinapanda mkono wa mtafiti kuelekea kwapani. Zilimtekenya, zikamkwaruza. Hakutikisika.

"Amekimbia," alisema. "Angalia miguuni pako, shemeji."