Sura Chini ya Kidole Gumba

Mama aligusa picha ya mwanawe kwenye simu mpya. Picha ikaendelea kutabasamu, simu isipige.

Mwana mwenyewe alikuwa ameketi kando yake. Ndiye aliyemtengenezea programu ile ya kupigia simu kwa picha, maana mama hajui kusoma: anagusa sura, simu inapiga. Lakini lugha ya kompyuta aliyotumia kuiandika ilishapitwa na wakati, na simu za siku hizi haziielewi vizuri. Mama akimkumbusha, jibu lilikuwa lile lile: "Nitaiandika upya, mama. Kazi zimenibana."

Sasa aliitazama bendeji kwenye kiwiko cha mama.

"Juzi nilipoanguka bafuni nilikubonyeza weee," mama alisema, akikipangusa kioo cha simu taratibu. "Nikajua tu, kazi zimekubana."